Rangi ya Maua Sufuriani: Maswali Yenu Kuhusu Kutia Rangi Nyuzi

Tangu jakaranda zianze kumwaga maua barabarani, barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja: vipi ua linalopendeza bustanini litiwe kwenye uzi na likae? Tumechagua nane. Vipimo vyote vinahesabiwa kwa uzito wa uzi au kitambaa kikiwa kikavu, kwa hiyo kama huna mizani ya jikoni, tafuta mizani kabla ya kutafuta maua.

Hamjambo wahariri? Nilinunua amerikani mita mbili Biashara Street, nikaichemsha na marigoldi niliyochuma kwa jirani. Niliweka chumvi vijiko vinne na siki nusu kikombe, kama nilivyoelekezwa. Ilitoka manjano tamu sana. Nilipoifua mara ya kwanza maji yote yakawa manjano na kitambaa kikabaki rangi ya uji. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Kayole*

Maua yako hayana kosa, dada. Kilichokuponza ni chumvi na siki. Chumvi ni ya rangi za pakiti: kwa rangi hizo husaidia kuisukuma rangi iingie kwenye pamba, na hapo ndipo watu walipoitoa desturi hiyo. Kwa rangi ya maua haisaidii kitu. Siki nayo imekurudisha nyuma, maana marigoldi hupauka ikikutana na asidi.

Ulichokosa ni shabu, lile jiwe jeupe ambalo kinyozi hukupitishia kidevuni. Pamba haina pa kuishikia rangi ya maua. Rangi hukaa juu juu, na sabuni ikija inaondoka nayo. Alumini iliyo ndani ya shabu hukaa katikati ya hivyo viwili, ikaushika uzi kwa upande mmoja na rangi kwa upande wa pili, na vikishaungana hivyo maji hayaiyeyushi tena. Lakini hata shabu yenyewe huteleza kwenye pamba, tofauti na kwenye sufu. Ndiyo sababu pamba hutiwa tanini kwanza. Tanini ni ule ukakasi unaokukausha ulimi ukitafuna ganda la komamanga au jani la mpera.

Pima kitambaa chako. Tuseme ni gramu 500. Kazi ni ya siku tatu, na sehemu kubwa ni kuloweka.

Siku ya kwanza ni ya kusafisha, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Amerikani hutoka kiwandani na wanga na nta ya pamba yenyewe, hata kama unaiona safi. Nunua magadi kwenye kioski, yale ya kulainishia githeri, upime gramu 20. Yayeyushe kwenye kikombe cha maji moto na uyachuje, kwa sababu mara nyingi huja na mchanga. Mimina kwenye lita 15 za maji pamoja na kijiko kikubwa cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tumbukiza kitambaa, uchemshe saa moja na nusu. Maji yatageuka kama chai ya rangi iliyopoa. Suuza. Kabla ya kuendelea, dondoshea kitambaa tone moja la maji. Likinywewa papo hapo, sawa. Likikaa juu kama shanga, rudia kuchemsha, la sivyo utapata mabaka na utadhani ni uchawi.

Jioni hiyo hiyo chemsha gramu 150 za maganda makavu ya komamanga katika lita 5 za maji kwa saa moja. Chuja, ongeza maji yafike lita 12, yakiwa ya moto unaoweza kuuvumilia kwa mkono kwa muda mfupi tu, kisha zamisha kitambaa kikiwa kibichi na ukiache hadi asubuhi. Kitatoka na manjano hafifu ya kijani. Hilo ni jema kwa kuwa unaelekea manjano. Majani ya chai yana tanini pia, ila yatakutangulizia kahawia na manjano yako itaonekana chafu. Kamua, usisuuze sana.

Siku ya pili ni ya shabu. Twanga gramu 100 mpaka iwe kama sukari, uiyeyushe katika lita moja ya maji moto. Shabu nzuri ni nyeupe au angavu kama barafu; ikiwa na wekundu wa kutu ndani, irudishe dukani, maana chuma huzima manjano. Kwenye kikombe kingine yeyusha magadi gramu 12 na uyamimine ndani ya shabu polepole. Yatafoka povu, kwa hiyo tumia chombo chenye nafasi. Magadi hupunguza ukali wa shabu ili alumini itue kwenye uzi. Ukiona mchanganyiko umegeuka mzito mweupe kama maziwa ya mgando, umezidisha magadi na sehemu ya alumini yako imeganda ndani ya maji badala ya kwenda kwenye kitambaa. Ukungu kidogo si tatizo. Mimina yote kwenye lita 12 za maji vuguvugu, zamisha kitambaa, kigeuze mara tatu nne jioni, ukiache usiku kucha. Moto hauhitajiki hapa. Asubuhi kikamue na kukisuuza mara moja tu.

Siku ya tatu sasa ndiyo ya maua. Kilo 2 za marigoldi mbichi zinatosha, au gramu 300 zikiwa kavu. Tumia vichwa vizima. Vichemshe kwa moto wa chini katika lita 15 kwa dakika 45, kisha chuja kwa kitambaa chepesi. Usiache petali ndani, kila moja itaacha doa lake. Ingiza kitambaa kikiwa kimelowa, kaa nacho kwenye moto wa nyuzijoto 80 kwa saa moja ukikigeuza kila baada ya dakika chache, zima, kiache kipoe humo humo mpaka kesho yake. Kianike kivulini na ukipumzishe siku mbili tatu kabla ya kukifua.

Hicho ulichonacho sasa, cha rangi ya uji, usikitupe. Anza nacho upya kutoka hatua ya kusafisha.

Wanafunzi wangu waliokota jakaranda gunia zima, wakaongeza bogenvilia na hibiskasi kutoka uani mwa shule. Maji yalitoka zambarau na waridi ya ajabu. Vitambaa vikatoka rangi ya vumbi. Niwaeleze nini sasa?
*Mwalimu wa sanaa, Buruburu*

Waeleze ukweli, mwalimu: rangi kali machoni na rangi inayodumu kwenye uzi ni mambo mawili.

Zile zinazoitwa petali za bogenvilia ni majani yaliyogeuka rangi; ua lenyewe ni kile kikombe kidogo cheupe katikati. Wekundu wake ni betalaini, jamii moja na ule wa bitiruti, na moto huuvunja. Kadiri mlivyochemsha kupata rangi zaidi ndivyo mlivyoiua. Zambarau na buluu za maua mengi, hibiskasi ikiwemo, ni antosianini. Hizo huvumilia moto kiasi lakini hubadilika kila zikionja asidi au magadi, na jua huzifuta. Shabu inaweza kuzishika kwa muda, mkapata kijivu chenye zambarau kwa mbali. Baada ya wiki chache dirishani hutaikuta.

Lakini usiimwage ile hibiskasi. Gawa maji yake katika glasi tatu: moja kamulia ndimu, ya pili iache, ya tatu tia magadi ncha ya kijiko. Ya kwanza itawaka waridi, ya tatu itaenda kijani. Hilo ni somo zima la kemia bila maabara.

Kwa vitambaa vya maonyesho, waagize watoto maganda ya vitunguu vyekundu kutoka kwa mama mboga. Ni bure, na gramu 50 za maganda makavu hutia rangi gramu 100 za pamba iliyopitia shabu: dhahabu hadi chungwa la kutu. Au mbegu za parachichi. Kata mbegu tatu au nne kwa kila gramu 100 za kitambaa, chemsha kwa moto mdogo saa moja, acha zilale humo, zipashe tena kesho yake. Mtapata waridi ya udongo. Mbegu hizo zina tanini yake, kwa hiyo rangi hushika hata pale shabu ilipokosekana, ingawa yenye shabu hudumu zaidi.

Na kila rangi mtakayoipata, kateni kipande, kifunikeni nusu kwa kadibodi, mkibandike kwenye dirisha linalopigwa na jua wiki mbili. Mkiondoa kadibodi mtaona wenyewe ipi ni rangi na ipi ni mgeni wa njia. Manjano ya jikoni pia iingizeni kwenye jaribio hilo. Hushika papo hapo bila shabu wala chochote, ikawafanya watu waipende, halafu jua la siku chache likaimaliza.

Sisi ni kikundi cha kina mama tunaosuka vyondo. Wateja wanataka mkonge uliotiwa rangi ya mimea, si ya pakiti. Tumejaribu mara nne. Fungu moja linatoka na sehemu zilizokolea, sehemu nyeupe, na katikati pale tulipofunga hapajaguswa kabisa.
*Kikundi cha wasukaji, Dagoretti*

Mama zetu, hapo mmejijibu nusu: mlipofunga ndipo maji yasipopita. Gaweni mkonge katika mafungu membamba, unene wa kidole gumba, na kila fungu lifungwe kwa kamba iliyolegea kiasi cha kidole kupita. Kilo moja ya nyuzi inahitaji lita 25 hadi 30 za maji. Mkiwa na sufuria ya lita 15, tieni rangi nusu kilo. Nyuzi zilizoshindiliwa kama sukuma wiki kwenye gunia haziwezi kutoka sawa hata kama dawa zote ziko sahihi.

Sababu ya pili ni utomvu. Mkonge unaouzwa sokoni huwa umekwanguliwa na kuanikwa tu, bado una mabaki ya nyama ya jani, hasa upande wa shina. Ulowekeni usiku mmoja. Asubuhi uchemsheni saa moja kwa magadi gramu 40 kwa kila kilo, msuuze mpaka maji yawe safi na nyuzi zisiteleze mkononi. Upande wa shina na upande wa ncha kamwe hautashika sawasawa kabisa, kwa hiyo mnapopanga mafungu changanyeni pande zote mbili badala ya kulaza shina zote pamoja. Tofauti ikitawanyika, jicho haliioni.

Sababu ya tatu ni namna ya kuingiza. Msimwagie rangi juu ya nyuzi zilizolala sufuriani. Rangi iwe tayari, imechujwa, vuguvugu. Nyuzi ziwe zimelowa. Ziingie zote kwa pamoja, na moto upande taratibu. Kila mara mnapogeuza, kilichokuwa chini kije juu.

Baada ya kusafisha, mfuate mpango ule ule wa pamba: tanini, shabu gramu 200 kwa kilo pamoja na magadi gramu 25, kisha maua. Kwa mkonge tunapendelea tanini ya gome la muwati. Hutia wekundu wa kahawia wake, na mkipitisha marigoldi juu yake mnapata dhahabu nzito inayoendana na kiondo kuliko manjano ya limau. Manjano angavu kabisa msiitegemee, kwa sababu mkonge wenyewe ni rangi ya krimu na kila rangi hukaa juu ya hiyo. Pimeni maua ya oda nzima kabla hamjaanza. Mkitia rangi nusu leo na nusu wiki ijayo kwa maua ya mavuno mengine, mtapata dhahabu mbili kwenye kikapu kimoja.

Maji ya shabu yaliyobaki msiyamwage. Kwa awamu inayofuata ongezeni nusu ya kipimo, mtumie tena mara moja au mbili. Yakishachafuka, yamwageni na maji mengi, mbali na mboga.

Nasokota sufu mwenyewe. Safari hii nimeitia shabu na marigoldi, imetoka manjano iliyochanganyika na kahawia, na nyuzi zimeshikamana kama zulia. Nilihakikisha maji yanatokota vizuri.
*Msomaji, Karen*

Kutokota ndiko kulikoharibu yote mawili.

Sufu ina magamba madogo madogo. Ikipata joto la ghafla au ikikorogwa ndani ya maji moto, magamba hushikana na hayaachani tena. Huo uliopotea umepotea, utengenezee makalio ya viti. Na marigoldi ikipita nyuzi 85 hivi, huanza kutoa kahawia iliyomo kwenye vikonyo, ikameza manjano. Nairobi tuko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 na zaidi, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Kuna wanaodhani kwa hiyo chemko la hapa ni salama. Si salama: ukiona mapovu makubwa umeshapita mahali pa kusimama. Bila kipimajoto, tazama chini ya sufuria. Vipovu vidogo vimeng'ang'ania chini, mvuke unafuka, uso wa maji unatikisika bila kupasuka: hapo uko karibu na 80. Kwenye jiko la makaa, funika makaa kwa majivu kuliko kuondoa sufuria na kuirudisha.

Kwa gramu 100 za sufu iliyooshwa mafuta yake, shabu gramu 12 zinatosha. Ukipata krimu ya tata (cream of tartar) kwenye maduka ya vifaa vya keki, ongeza gramu 6. Hulainisha sufu na kung'arisha rangi. Anza na maji ya baridi, lita 3, pandisha hadi 80 kwa muda wa saa nzima, kaa hapo dakika 45, zima, iache ipoe humo humo. Rangi nayo vivyo hivyo. Usikoroge, igeuze kwa mti mara chache. Ukitaka kuisuuza, maji ya kusuuzia yawe na joto lile lile la sufu.

Tanini haihitajiki, na magadi yasiikaribie. Sufu ikichemshwa na magadi hulainika na kuyeyuka kama nywele zilizozidishiwa dawa.

Je, naweza kupata nyekundu kamili kutoka bustanini?
*Msomaji, South B*

Kwa maua ya kawaida ya bustani, hapana. Karibu zaidi utafika kwa kosmosi ya chungwa iliyotiwa magadi, ambayo ni nyekundu ya bati lenye kutu. Nyekundu halisi za asili zimetoka zaidi kwenye mizizi ya jamii ya *Rubia* na kwa wadudu wa kochinili wanaoishi kwenye dungusi kakati. Jamii mojawapo ya wadudu hao ililetwa Laikipia kupambana na dungusi lililovamia malisho, nayo ukiipondaponda hutoa damu ya zambarau, ingawa rangi yake ni kidogo ikilinganishwa na wale wa kufugwa kwa ajili ya rangi. Usiwabebe hai kuwaleta mjini.

Shela yangu ya pamba niliitia rangi kwa kosmosi, ikatoka manjano ya dhahabu. Nimehamia Ruai, nikaifua mara moja, imekuwa chungwa. Si kwamba imechuja, imegeuka! Maji ya huku ni ya kisima cha kuchimba.
*Msomaji, Ruai*

Shela yako iko salama. Kosmosi ni kama kinyonga: asidi huivuta kwenye manjano, magadi huivuta kwenye chungwa mpaka wekundu. Maji ya bomba ya Nairobi mengi hutoka milimani, mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, na ni maji laini. Maji ya visima virefu vya huku kwetu kwa kawaida yana magadi ndani yake. Ongeza sabuni ya kipande au ya unga, ambazo nazo ni za upande wa magadi, na umepata chungwa bila kutafuta.

Kamulia ndimu moja kwenye ndoo ya maji lita 10, zamisha shela dakika tano. Utaiona ikirudi mbele ya macho yako. Kuanzia hapo ifue kwa sabuni ya maji isiyo kali, hata shampuu, na suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au ya bomba.

Wengine hufanya makusudi. Nyuzi zikitoka kwenye sufuria ya kosmosi, wanazigawa nusu, nusu moja wanaipitisha dakika mbili kwenye maji yenye magadi kijiko cha chai kwa lita 5, wakapata rangi mbili kwa moto mmoja. Kwa pamba na mkonge tu. Kwa maoni yetu kosmosi ndiyo ua bora la rangi kwa mtu anayeanza, kuliko hata marigoldi. Lakini iwe ile ya chungwa, si ya waridi na nyeupe inayoota kando ya barabara.

Nilitaka kijani cha zeituni. Niliweka misumari kwenye siki wiki mbili, nikamimina chupa nzima ndani ya marigoldi. Kitambaa kilikuwa cheusi, na sasa, miezi michache baadaye, kinachanika kwenye mikunjo.
*Fundi cherehani, Gikomba*

Chuma ni kali kuliko unavyodhani, fundi. Hugeuza manjano kuwa zeituni, ni kweli, lakini kikizidi hula pamba pole pole hata nguo ikiwa imekunjwa kabatini. Siki uliyoiacha ndani bila kusuuza imesaidiana nacho. Hicho hakitengenezeki.

Wakati mwingine chuma kiwe cha mwisho, nje ya sufuria ya maua. Kitambaa kikishakuwa manjano, tayarisha ndoo ya maji vuguvugu, weka kijiko kikubwa kimoja cha maji ya misumari, koroga, zamisha kitambaa, ukigeuze bila kusimama. Ngoja dakika tano ndipo uongeze kijiko kingine kama bado. Kitoe kikiwa cheupe kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu hewa itakikoleza zaidi kikianikwa. Ukinunua sulfati ya chuma ya kupima, gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za kitambaa ni mwisho wa safari. Suuza mara tatu, na suuzo la kwanza liwe na magadi nusu kijiko cha chai kuua ile siki. Ndoo hiyo itengwe kwa kazi ya maji ya chuma tu, daima. Mabaki yasiyoonekana kwa macho yataizima manjano yako inayofuata, nawe utabaki unalaumu maua.

Nakaa ghorofa ya tatu, nina roshani na magunia manne tu. Nipande nini? Na je, naweza kuchemsha kwenye sufuria za nyumbani?
*Msomaji, Umoja*

Magunia mawili marigoldi ndefu zenye vichwa vikubwa, mawili kosmosi ya chungwa. Roshani iwe inapata jua saa sita hivi kwa siku. Ukipanda mbegu mvua zinapoanza, Machi au Oktoba, utaanza kuchuma baada ya wiki nane hadi kumi. Baridi ya Julai huzichelewesha ila haiziui. Mbolea ya samadi usiizidishe, utavuna majani. Chuma kila siku ya pili au ya tatu ua likiwa limefunguka kabisa. Kadiri unavyochuma ndivyo mmea unavyotoa mengine, na hata lililonyauka lina rangi yake bado. Lililooza na kuwa jeusi tupa.

Kwa gunia nne hutapata kilo mbili kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kausha. Tandaza kwenye gazeti kivulini, geuza kila siku, mpaka kichwa kikibanwa kivunjike hadi katikati. Kitovu cha marigoldi huficha unyevu wakati petali zimekauka kama karatasi, na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Hifadhi kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Kilo moja mbichi itabaki kama gramu 150.

Kama kuna uwanja wazi karibu, lile gugu refu lenye harufu kali ambalo wakulima huling'oa wakililaani, *Tagetes minuta*, ni ndugu wa marigoldi, na mmea mzima hutoa manjano yenye kijani. Vaa glavu, utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Lakini usichemshe ua usilolijua. Yale meupe yanayoning'inia kama tarumbeta kwenye nyua nyingi za Nairobi ni sumu, na oleanda ni sumu kuanzia jani hadi mti wake. Mvuke wake usiuvute jikoni.

Sufuria za kupikia, hapana. Shabu kidogo haitakuua, hutumika hata kutakasa maji, lakini maua, chuma na mabaki ya majaribio havina kazi kwenye ugali. Tafuta moja ya stenlesi ya mtumba, lita 15 au zaidi. Alumini ya kawaida inafaa kwa marigoldi na shabu. Kwa magadi haifai, kwa kuwa magadi huila na kuiachia vishimo vyeusi. Ya chuma itafanya kila kitu kiwe zeituni upende usipende. Mwiko, chujio na kikombe cha kupimia navyo viwe vya rangi tu, uvifunge kamba nyekundu kwenye mpini ili aliyekuja kukusaidia kupika asivichanganye.